Sista Amne Jabiri, Aliyetuuliza Nani Alianguka Kwenu

Nimeficha jambo moja kuhusu Sista Amne Jabiri kwa miaka kumi na tisa, na nimeomba kuandika wasifu huu ili nisizikwe nalo. Anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na saba katika zahanati zetu tatu, Kang'ata, Mashewa na Chanika. Mimi, Ernesti Mhina, ndiye niliyempokea siku ya kwanza nikiwa tabibu mfawidhi wa Kang'ata. Kamati ya sherehe ilikubali sharti langu moja tu, kwamba maneno haya yasomwe yote, yasipunguzwe.

Katika jalada la Sista Amne kuna barua ya onyo ya mwaka 2006. Kwa sababu ya barua hiyo, jina lake halimo kwenye orodha ya watakaopewa cheti cha utumishi uliotukuka siku ya sherehe. Barua hiyo haikustahili kuandikwa, na anayejua kwa nini ni mimi. Nitalifikia hilo. Kwanza nimsifu, kwa maana kazi yake ni kubwa kuliko kosa langu, na nisingependa kosa langu limtangulie mlangoni.

Alifika Kang'ata Julai 1988, binti wa miaka ishirini na mitatu, mwenyeji wa Handeni, mwembamba, mwenye sauti iliyosikika mpaka kisimani. Miaka yake ya mwanzo ilikuwa ya uzazi, chanjo na homa, kama ilivyokuwa kwa wauguzi wote wa wakati ule. Watu wazima walikuja zahanati wakiwa na kidonda au jino. Presha na sukari tuliziita maradhi ya mjini, na nakiri kwamba nami niliziita hivyo nikiwa na cheti changu ukutani.

Mwaka 1996 alimzika baba yake, aliyeanguka shambani akiwa anapalilia. Miaka miwili baadaye alimzika shangazi yake, aliyeanguka akichota maji. Matangani akina bibi walisema kwamba shangazi naye amepigwa upepo kama kaka yake. Sista Amne alikuwa ameketi jamvini akimenya mihogo, akaacha kisu. "Upepo gani huu," akauliza, "unaojua majina ya ukoo?"

Swali hilo ndilo lililofanya kazi iliyobaki. Alinunua daftari kubwa, akaanza kuandika familia moja moja: nani alianguka, alikuwa na umri gani, nani alikatwa mguu, nani alipoteza macho, nani alivimba miguu mpaka akafa. Zahanati watu hawasemi mambo hayo. Wanayasema msibani. Kwa hiyo alikwenda misibani. Alimenya, aliosha vyombo, alibeba kuni, na alipokuwa akifanya hayo aliuliza. Watu walimtania: "Haya, Sista kaja kuhesabu maiti." Naye alijibu bila kuinua kichwa, "Maiti wameshahesabiwa. Nawahesabu ninyi."

Kipindi hicho mimi ndiye niliyekuwa nikiandikia familia wasifu wa marehemu, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri na niliwahi kusomea ualimu kabla ya utabibu. Nimeandika nyingi mno. Karibu zote zilikuwa na sentensi moja, kwamba marehemu aliugua ghafla na Mungu akampenda zaidi. Siku moja, baada ya maziko ya mtu ambaye sote wawili tulijua kwamba alikuwa na sukari kwa miaka tisa, Sista Amne alinifuata njiani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo ghafla yako inaua watu. Watoto wake saba wamekaa pale mbele, wamekusikiliza, na wote wamerudi nyumbani wakiamini baba yao kafa kwa ajali ya Mungu."

Tangu siku hiyo, kila familia iliponiruhusu, niliandika ugonjwa kwa jina lake. Hilo alinifundisha yeye, na nilikuwa mkubwa wake kazini.

Halafu kuna ile kamba. Hakuna mtu wa Kang'ata asiyeijua. Hatukuwa na mizani nzuri, na watu wengi hawakupenda kupanda juu ya mizani mbele ya wenzao. Sista Amne alichukua kamba ya katani, akampima mtu urefu wake wote kutoka kisigino hadi utosini, kisha akaikunja kamba hiyo katikati, ibaki nusu, na kumzungushia kiunoni. Kama ncha zinakutana, vema. Kama hazikutani, kitambi kimekuwa kikubwa kuliko urefu unavyoruhusu, na hapo ndipo presha na sukari hupenda kukaa. Njia ni rahisi, na hata wataalamu waliokuja baadaye waliikubali.

Alichosahau ni kwamba kwetu mtu akipimwa urefu kwa kamba, anapimiwa kaburi. Siku ya kwanza alipoipeleka mnadani, wanaume walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Mzee mmoja muuza mbuzi alipiga kelele, "Sista Amne, sisi bado hatujafa!" Naye akajibu, "Ndiyo maana nakupima leo. Ukifa atakupima mwingine, na hatakuambia matokeo." Watu walicheka, mzee yule akasimama apimwe, ncha hazikukutana kwa upana wa kiganja, na foleni ikaanza.

Alikuwa na namna yake ya kueleza vihatarishi, yaani yale mambo yanayomsogeza mtu karibu na maradhi, hata mkulima asiyejua kusoma akaelewa. Alisema kwamba ukoo uliozaliwa nao ni kama udongo wa shamba. Huuchagui. Umri nao hauuchagui. Lakini chumvi, ng'onda, yaani samaki wakavu wa chumvi, wa kila siku, sigara, pombe, vijiko vinne vya sukari kwenye chai na kushinda umekaa ni magugu, na palizi ni yako. Mwenye udongo mbaya apalilie mara mbili, si akae chini na kulia. Na kila mara alimalizia kwamba kihatarishi si hukumu. Yupo mwenye vyote akafika miaka tisini, na yupo asiye na hata kimoja akaanguka. Kwa hiyo unapima. Presha haibishi hodi. Haiumi, haiwashi, na anayesubiri kuisikia ataisikia siku moja tu.

Jambo jingine lililompa nguvu ni kwamba hakujificha. Yeye mwenyewe aligunduliwa kuwa na presha mwaka 1999, akiwa na miaka thelathini na minne. Tangu hapo alibeba dawa zake kwenye kikopo cheupe, akazimeza mbele ya watu, mikutanoni, kliniki, hata harusini. "Ni presha yangu," alisema, "nina ruhusa ya kuitangaza." Nilimwangalia akifanya hivyo kwa miaka saba. Nitaeleza kwa nini nataja hilo.

Mwaka 2006 aliondolewa Kang'ata. Alishushwa cheo kutoka muuguzi kiongozi akapelekwa Mashewa, na kwa mwaka mzima alikatazwa kugusa sindano. Mwingine angeacha kazi. Kule Mashewa alikuta chumba kimoja kilichokuwa cha kuhifadhia majembe. Akaomba majembe yahamishwe. Akaweka benchi, meza na mashine ya presha, akatangaza kwamba kila Alhamisi ni siku ya presha na sukari. Alhamisi ya kwanza walikuja watu wanne, na wawili kati yao walikuja kuulizia majembe.

Kufikia 2013 walikuwa wameandikishwa watu mia nne na kumi na wawili. Walijiita Wana-Alhamisi. Walikuwa na sheria zao: aliye na miguu mizima haji kwa bodaboda, anatembea. Anayekosa dozi anafuatwa nyumbani na jirani yake, si na muuguzi, kwa sababu muuguzi unaweza kumdanganya lakini jirani anajua ulichokula jana. Wageni waliotoka mjini kuangalia kliniki hiyo walitaka kujua mfumo huo unaitwaje. Sista Amne aliwajibu kwamba unaitwa umbea, ila umefundishwa adabu.

Ni huko Mashewa alikokutana na Rosina, fundi cherehani, mwembamba kama sindano yake. Rosina alimsindikiza mumewe tu, akakataa kupimwa akisema sukari ni ya wanene. Sista Amne hakubishana. Alimuuliza watoto wake walizaliwa na uzito gani. Rosina akasema kwa fahari kwamba wa mwisho alikuwa kilo nne na nusu, mpaka mkunga akapiga vigelegele. Akamuuliza mama yake alikufa kwa nini. Rosina akasema alianza kwa kukatwa kidole, halafu mguu. Sista Amne alimwonyesha kiti, kwa kuwa mtoto mkubwa hivyo na mama wa namna hiyo ni vihatarishi vya sukari hata kwa mwembamba. Sukari yake ilikuwa imepanda vibaya, ila ilikuwa bado haijaharibu kitu. Leo Rosina ana miguu miwili na anaona tundu la sindano. Gauni ambalo Sista Amne atalivaa siku ya sherehe amelishona yeye, na amekataa kusema ni la rangi gani.

Mwaka 2014 alihamia Chanika. Hapo ndipo alipopambana na Twaha, mchinjaji, mmoja wa ndugu watano wenye mabucha yao mstari mmoja. Twaha alimwambia waziwazi, "Dada, mimi nina nguvu ya kubeba nusu ng'ombe. Presha itanipatia wapi?" Sista Amne alikuwa ameshakwenda msibani kwao mara tatu. Alifungua daftari, akamsomea: baba yako, miaka hamsini na sita, alianguka. Baba yako mdogo, hamsini na mbili, alianguka. Kaka yako mkubwa, arobaini na tisa, msikitini, mbele yako. "Wewe una miaka mingapi, Twaha?" Alikuwa na arobaini na saba. Kesho yake ndugu wote watano walifunga mabucha na kuja pamoja, wakiwa bado na damu ya mbuzi kwenye viatu. Wanne walikuwa na presha. Wa tano aliwacheka wenzake mpaka alipopimwa sukari. Ni miaka kumi na moja sasa, na wote watano wako hai. Watagharimia nyama ya sherehe, na Sista Amne ameagiza isiwekwe chumvi nyingi.

Mimi mwenyewe naishi Korogwe tangu nilipopooza upande wa kushoto. Kila mwezi kwa miaka kumi na tisa Sista Amne amekuja kunipima. Kutoka Mashewa alikuja, kutoka Chanika alikuja, kwa nauli yake na siku yake ya mapumziko. Alipima, akaandika namba ya kweli kwenye kadi yangu, akahesabu vidonge kwenye kopo ili ajue kama namdanganya, akanywa chai isiyo na sukari pamoja na mke wangu, akaondoka. Mara moja tu mke wangu alimuuliza kama ana neno la kuniuliza. Alisema, "Sikuja kuuliza, mama. Nimekuja kupima." Madaktari wanasema figo zangu zimekwisha kwa presha ya miaka mingi isiyotibiwa, na kwamba ile miaka kumi na tisa ya mwisho nimepewa na aliyenisimamia nimeze dawa. Kwa hiyo wasifu huu umeandikwa kwa muda alionipa yeye.

Sasa nieleze yaliyotokea.

Mwaka 2005 Sista Amne aliomba kwamba kila Jumanne ya kwanza ya mwezi watumishi tupimwe kabla ya wagonjwa, ili tusiwahubirie watu tusichokifanya. Mimi kama mfawidhi nilikubali mbele ya wote. Halafu kwa miezi kumi na minne nilijifungia chumbani kwangu, nikatoka na karatasi yenye namba ileile: 120 kwa 80. Sista Amne alisema mbele ya wenzetu, "Mzee Mhina, hata ukuta huu unapata joto mchana. Presha yako imejengwa kwa saruji?" Wote walicheka, na mimi nilicheka. Ukweli ni kwamba sikuwa nimejipima hata mara moja.

Nilikuwa naogopa. Baba yangu alianguka huko milimani Usambara akiwa na miaka hamsini na minane. Mdogo wangu Petro alianguka akiwa na arobaini na tisa, nikamwandikia wasifu kwa mkono wangu, nikaweka ile sentensi ya ghafla. Nilikuwa navuta sigara. Nilikuwa na kitambi ambacho kamba ya Sista Amne ingekiaibisha. Nilijua udongo wangu kuliko mtu yeyote. Lakini mwaka ule nilikuwa natarajia kuteuliwa kuwa msimamizi wa zahanati zote tatu, na nilijiaminisha kwamba hawatamchagua mgonjwa, ingawa kwa miaka saba nilimwona Sista Amne akimeza dawa zake mbele ya wote na bado akiwa muuguzi kiongozi.

Jumanne ya kwanza ya Machi 2006 alinikuta chumbani kabla sijafunga mlango. "Mzee, leo mkono wako nautaka." Niliutoa. Mashine ikasoma 212 kwa 128. Alingoja dakika kumi, akapima tena, ikasoma vilevile au karibu na hapo. Akaniita baba kwa mara ya kwanza. "Baba, gari lipo. Twende Korogwe sasa hivi." Nilimwambia aandike 120 kwa 80. Akasema, "Siandiki." Akaandika namba yenyewe kwenye rejista, pamoja na saa na jina langu.

Nilikuwa mkubwa wake. Nilichana karatasi ile kwenye rejista mbele ya macho yake, nikamwamuru aende akachanje watoto. Alikwenda. Nami nikatoka nyuma nikaitupa karatasi kwenye shimo la choo, nikarudi kukaa mezani kwangu.

Baada ya muda alirudi kunibembeleza tena, akiwa na sinia ya sindano mkononi kwa sababu alikuwa katikati ya chanjo. Watu kwenye benchi walimwona akiingia kwangu na sinia ile. Kabla hajatamka neno, nilianguka. Yeye ndiye aliyenilaza ubavu nisisongwe na matapishi, na yeye ndiye aliyekaa na kichwa changu mapajani mwake ndani ya gari mpaka Korogwe.

Jioni ile Kang'ata yote ilikuwa inasema Amne kamdunga mzee sindano ya makosa. Walioulizwa walisema waliona sinia. Rejista ilipofunguliwa, ukurasa wa asubuhi ile haukuwepo, na watu wakasema amechana ili kuficha. Alieleza yote kama nilivyoeleza hapa, neno kwa neno. Hakuwa na shahidi ila mimi, na mimi sikuweza kusema. Watoto walimwimbia njiani wimbo wa sindano. Uongozi ulikuwa na subira. Walingoja miezi minne mpaka ulimi wangu uliporudi, ndipo wajumbe watatu wakaja kando ya kitanda changu. Waliuliza, niliwajibu, wakaondoka. Wiki iliyofuata barua ya onyo iliandikwa.

Maelezo haya nimeyatia sahihi mbele ya mashahidi wawili na nakala imeshafika ofisini. Naomba barua ile iondolewe katika jalada kabla ya tarehe 30 Juni, na jina la Amne Jabiri liandikwe mahali linapostahili kwenye orodha ya vyeti. Naomba watu wa Kang'ata watakaohudhuria sherehe wampe mkono wakimtazama usoni.

Sista Amne, kwa niaba ya wote uliowapima, uliowatania na uliowafuata mpaka misibani kwao, tunakushukuru. Mungu akupe miaka mirefu, miguu myepesi, mihogo mingi shambani na wajukuu wanaopenda kutembea. Ukae salama katika mapumziko yako, na siku zako ziwe njema kuliko ulizotufanyia kazi.

Wajumbe wale watatu waliniuliza kama Amne alinipima, kama alinichoma sindano, na nani alichana ukurasa. Kwa maswali yote matatu niliwajibu kwamba ugonjwa umenifuta akili na sikumbuki chochote. Nilikuwa nakumbuka yote.